Chumvi ya Majivu

Kabambare, 10 Februari 2024

Yaya Hawa,

Bado nasikia lile bati. Siku sita sikuwa nimetoa hata tone la mkojo. Uso ulikuwa umevimba hadi wewe mwenyewe, dada yangu na muuguzi, uliingia wodini ukapita kitanda changu ukinitafuta. Asubuhi ya siku ya saba, nikiwa nimekalia ile sahani ya bati, matone yakaanza kugonga. Tak. Kisha kimya. Kisha tak, tak. Mama alipiga vigelegele, wodi nzima ikageuka, na yule mwanamke wa kitanda cha jirani akasema, "Wengine banafurahia harusi, ninyi munafurahia mukojo." Nilicheka hadi kifua kikauma. Tangu siku ile kila mtu anasema malaria ilisimamisha figo zangu na Mungu akaziamsha, basi nimepona. Mimi pia nasema hivyo.

Nimefika kwa wakwe siku nne zilizopita. Déo wa pikipiki alitumia siku mbili kunileta kutoka Kasongo, na mara tatu nilishuka nikavuka matope kwa miguu yeye akisukuma pikipiki. "Mwalimu, umepungua sana," aliniambia. "Zamani ukipanda, pikipiki ilikuwa inalalamika. Leo iko kama nabeba mufuko wa pamba." Nikamwambia atazame barabara.

Bwana yangu Iliasi alikuwa amekwisha kwenda Salamabila kununua dhahabu kwa wachimbaji. Mnara wa simu wa hapa hauna mafuta tangu Krismasi, kwa hiyo barua zitapita kwa Déo, zako na zake. Shule imeweka mtu mwingine katika masomo yangu hadi baada ya Pasaka. Nimebaki nyumbani na Mama Iliasi. Dirisha la chumba changu linatazama jiko lake. Akiwa amekaa kwenye kigoda ananiona nikilala, nikiamka, nikisoma. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Anapenda tu kujua kwamba napumua.

Kuna jambo dogo. Nikilala chali baada ya chakula nasikia moyo wangu ndani ya mto, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Nadhani ni udhaifu tu.

Mdogo wako,
Sifa

*

Kasongo, 19 Februari 2024

Mdogo wangu Sifa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Déo akingoja maji ya kunywa. Mama anakusalimu. Anasema ule vizuri.

Sasa nisikilize kama mgonjwa anavyomsikiliza muuguzi, usinisikilize kama mdogo anayejua kubishana. Siku ya kutoka hospitali tansio yako, yaani msukumo wa damu, ilikuwa kumi na sita kwa kumi. Kwa msichana wa miaka ishirini na mitano hiyo ni juu. Ndani ya bahasha kuna vidonge. Kunywa kimoja asubuhi na kimoja jioni, hata siku unayojisikia vizuri. Hasa siku hiyo. Kila mwezi nenda kwa Cécilia, muuguzi wa kituo cha afya cha hapo, akupime. Tulisoma naye, ana mdomo mkali lakini mkono wake ni mwepesi.

Chumvi ya duka uiache kabisa. Dawa za maumivu za dukani pia. Ramadhani usifunge, figo zako zinataka maji mchana kutwa. Na jambo la mwisho, ambalo ni lazima umwambie Iliasi kwa mdomo wako: ukiwa unakunywa vidonge hivi usishike mimba, vinaharibu mtoto tumboni. Ngojeni mwaka mmoja. Atakuelewa, si mtu mbaya.

Daktari anakusalimu. Amefurahi sana na maendeleo yako.

Yaya wako,
Hawa

*

Kabambare, 20 Machi 2024

Yaya Hawa,

Vidonge nakunywa. Chumvi ya duka sijaionja tangu barua yako ifike. Mama Iliasi amenitengea chungu changu peke yangu, na kila siku ananipikia sombe ya majani ya muhogo kabla ya kupikia wengine.

Iliasi alikuja mwisho wa Februari, akakaa siku tatu. Maneno yalikuwa tayari kinywani mwangu kila jioni. Alikuwa ameniletea kitenge na redio, akakaa mbele yangu akinitazama nikila, akasema, "Nilikuwa nimekwisha kukuzika moyoni, Sifa, na uko hapa." Ungemwambia nini mtu wa namna hiyo? Nilihesabu siku zangu kwa vidole, nikanyamaza, na Mungu akanisitiri. Damu yangu ilikuja wiki iliyofuata.

Sasa sikia lililonipata. Siku ya tatu ya mfungo, jirani yetu, mama yake Zuberi, alinikuta nyuma ya nyumba nikinywa maji.

"Ee, mutoto wa Kasongo, unaiba maji?"

"Munganga amenikataza kufunga."

"Munganga wa figo ao wa tumbo?"

Nikasema wa figo. Akanitazama kuanzia miguuni, taratibu, kama anayepima nguo. "Figo si zilipona? Bote tulisikia. Mama mukwe wako alichinja kuku." Akacheka, akanifunika kichwa na ncha ya kitambaa changu, akaenda zake. Kabla ya futari mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nina mimba. Mwanamke aliyepona, mwenye mume, asiyefunga. Kwao hesabu hiyo ina jibu moja.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Mama Iliasi alikuja akakaa mlangoni kwangu akasema, "Sitakuuliza kitu. Mambo haya haiulizwe mapema." Tangu siku hiyo hanipi ndoo ya maji nibebe. Ananiwekea kikombe mchana kweupe, mbele ya watu waliofunga, na hakuna anayenitazama vibaya. Uongo ambao sikuusema ndio unaoninywesha maji. Damu ikirudi itanibidi kufua vitambaa vyangu kijitoni saa ya jua kali, watu wakiwa wamejilaza, na kuvianika ndani ya chumba, chini ya kitanda, kwa sababu ya lile dirisha.

Nataka kuwaambia. Kila siku moja inayopita inaufanya mlango kuwa mwembamba zaidi.

Sifa

*

Salamabila, 28 Machi 2024

Bibi yangu Sifa,

Nakuandikia juu ya gunia la mchele, usicheke mwandiko. Déo amenipa neno kutoka kwa Mama. Nilimfanya alirudie mara mbili. Mara ya tatu akaniambia, "Bwana Iliasi, ukitaka niimbe, unilipe."

Nashukuru Mungu. Januari nilisimama nje ya wodi ile nikifikiri namna ya kumwambia mama yako, na leo nasikia hivi. Akiwa mwanaume ataitwa Ayoubu, kama marehemu baba. Akiwa msichana utachagua wewe, mimi sina neno.

Déo anasema Mama mwenyewe ndiye anayekupikia chumvi ya kikwetu, kwa kuwa ya duka ulikatazwa. Eti anakwenda kukata majani ya mtoni, anayakausha, anayachoma, anachuja majivu yake na kuchemsha yale maji hadi yabaki chumvi. Kazi ya siku mbili. Mama huyu ana goti bovu! Mimi mwanawe wa kwanza sijamwona akiingia matopeni kwa ajili yangu hata siku moja. Basi kula yote, usimuudhi.

Habari ya shule nimekwisha itengeneza. Nimemtumia mkurugenzi neno kwamba yule mwalimu aliyekushikia nafasi aendelee. Ubao na chaki na safari ya kwenda na kurudi kwa miguu haifai katika hali yako. Pumzika. Usitoke bila Mama.

Nitarudi wiki ya pili baada ya Idi. Nitakaa mwezi mzima.

Mume wako,
Iliasi

*

Kabambare, 2 Aprili 2024

Yaya Hawa,

Nimeanguka juzi. Naandika vibaya kwa kuwa nimelala, lakini akili iko timamu.

Kwa wiki mbili miguu ilikuwa mizito, kama miguu ya mtu mwingine niliyoazima. Nikafikiri ni kukaa bure. Juzi asubuhi nilisimama kuchukua kikombe, moyo ukatulia. Sisemi ulidunda haraka. Ulitulia, nikaungoja, ukarudi kwa teke moja, nikajikuta chini, shavu kwenye udongo, nikitazama kigoda cha Mama Iliasi. Yeye alikuwa akiita jina la Mungu na jina langu kwa zamu.

Walinipeleka kwa Cécilia kwenye baiskeli. Wanawake waliotusindikiza walikuwa na furaha ya aina fulani. "Mimba ya kwanza inaangusha," walisema. "Iko mutoto mwanaume." Cécilia akawafukuza wote hadi nje. Tansio kumi na saba kwa kumi na moja. Kisha akashika mkono wangu, na kwa mkono wake mwingine akawa anagonga meza kwa kidole, akifuata mapigo. Kidole kiligonga, kiligonga, kikabaki hewani. Nilikitazama. Sijawahi kuona kitu kirefu kama kile kidole kikingoja.

"Mimba iko?" akaniuliza.

"Haiko."

"Basi kwa nini nje wanaimba?"

Nikamweleza. Hakunikemea. Alisema tu, "Weye umejenga nyumba bila mulango." Aliuliza ninakula nini, nikasema sombe, ndizi, maharagwe, bila chumvi. Hakuona kosa lolote.

Nilimaanisha bila chumvi ya duka. Sijui kama nilikuandikia kwamba Mama Iliasi ananitengenezea ile ya majivu, kama aliyokuwa akitumia shangazi yetu. Ananitilia ya kutosha kwa sababu ni ya majani, haina ubaya. Hapa yeye anayafuata masharti yako kuliko mimi.

Iliasi anarudi baada ya Idi. Amekwisha mchagulia mtoto jina. Shule amenifungia, kwa wema. Daraja limekwenda na maji, nadhani Déo amekwambia, anavusha pikipiki kwa mtumbwi. Nimepima kila upande, Yaya. Kila upande kuna mtu anayenipenda amesimama.

Nina swali moja. Siku ile ya bati, tulipokuwa tukicheka, daktari alikuita nje. Mlisimama barazani muda mrefu, nikawaona kupitia wavu. Ulirudi ukiwa umenawa uso. Alikwambia nini?

Sifa

*

Kasongo, 7 Aprili 2024

Sifa,

Chumvi ile ya majivu uiache leo. Ukisoma hapa, simama, kaimwage, kisha urudi uendelee kusoma.

Majivu ya yale majani yamejaa potasiamu. Kwa mtu mzima si neno, figo zinaitoa kwenye mkojo. Zako zimeamka, lakini hazijarudia nguvu zote, na vile vidonge nilivyokupa vinaizuia isitoke. Ikijaa kwenye damu, misuli inalegea, na moyo ni msuli. Hivyo ndivyo ulivyoanguka. Ungeweza usiamke. Niliandika "chumvi ya duka" kwa mkono wangu mwenyewe. Nimekulia katika jiko lile lile la shangazi, nimekula chumvi ile, nimesoma miaka minne, na sikuifikiria.

Vile vidonge visimamishe. Nimemtumia Cécilia vya aina nyingine, na maelezo. Mboga zako zichemshwe, maji yamwagwe, kisha zipikwe upya. Maharagwe na ndizi upunguze. Akupime kila siku tatu.

Sasa swali lako. Daktari aliniambia kwamba figo zikisimama, hata kwa wiki moja, haziumii peke yake. Zile siku sita maji yote uliyokunywa yalibaki mwilini, na moyo wako ndio uliyasukuma. Mishipa nayo ilikaza. Alisema wengi hutoka wodini wanakojoa vizuri, watu wanachinja kuku, na baada ya miezi au miaka wanarudi, safari hii kwa moyo, na hakuna anayekumbuka zile figo. Alisikiliza kifua chako. Akasema moyo umechoka upande mmoja, na kwamba unaweza kupata nafuu ukipewa muda na dawa. Mimba kabla ya hapo inaweza kukuua, wewe na mtoto. Baadaye labda itawezekana. Hakuahidi.

Nilirudi ndani, na wewe ulikuwa unacheka. Nilisema nitakwambia ukipata nguvu. Kisha nikasema nitakuandikia. Kisha nikakuandikia kwamba daktari amefurahi. Nimekuwa nikisema mwaka mmoja kama mtu anayesema kesho.

Siwezi kuja, maji yako juu, na Mama hapaswi kujua haya sasa. Ongea na Iliasi akirudi. Mwombe kwa upole akukubalie njia ya uzazi wa mpango. Usimuudhi, uko kwao.

Nisamehe.
Hawa

*

Kabambare, 18 Aprili 2024

Bwana yangu Iliasi,

Keti kabla ya kusoma. Na usisome mbele ya watu.

Mimba haipo. Haikuwepo. Mtaa uliitunga siku nilipoonekana nikinywa maji, na mimi niliiacha ikue kwa sababu ilinipa ruhusa ya kunywa. Ulichagua jina, nami niliendelea kunyamaza. Kosa hilo ni langu, silipunguzi. Nilikuwa naogopa uso wako kuliko nilivyoogopa kufa, na nimegundua kwamba huo si upendo wala heshima. Ni woga tu.

Kuhusu ugonjwa wangu sikukudanganya, nami nilikuwa sijui. Zile siku sita za Januari ziliumiza moyo pia. Tansio yangu iko juu tangu hapo. Nikishika mimba sasa, Yaya Hawa anaandika, huenda ukarudi kunizika kweli. Barua yake naiweka ndani ya hii. Isome yote, hata pale anapoandika kuhusu wewe.

Mama amekwisha jua. Nilimwambia siku ya pili ya Idi. Kwanza chumvi, kwa sababu hiyo ndiyo niliiogopa zaidi. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza kwamba ile ya majivu ilikuwa inajaa kwenye damu yangu, na ndiyo iliyoniangusha. Hakuinua kichwa.

"Basi nimekuua kwa kijiko," akasema.

"Hapana, Mama. Ni sisi wenye masomo tuliosahau kukuambia."

"Masomo yenu iko mingi, na inasahau." Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Nilikuwa nakwenda asubuhi, kabla goti halijavimba." Alilia, Iliasi. Sijapata kumwona akilia, hata katika msiba wa baba yako. Nilikaa naye chini.

Habari ya mimba aliipokea kwa namna nyingine. Alisimama, akachukua kikombe changu cha maji kilichokuwa dirishani, akakiingiza ndani. Siku mbili hakunisemesha. Jirani alipokuja kuulizia tumbo, nilimsikia akimjibu kutoka jikoni, "Tumbo ya nani? Tafuta tumbo yako." Siku ya tatu chungu changu kilikuwa mezani tena, sombe imechemshwa mara mbili, haina ladha yoyote. Alikaa akanitazama nikiimaliza. Alisema tu, "Hii ni adhabu yetu bote wawili."

Wanawake wa mtaa hawanisalimu kama zamani. Wengine wanasema mimba nimeitoa. Nayasikia haya kupitia dirisha lile lile, nami sina pa kwenda. Mto umejaa, na hata usingejaa, mwili huu ningekwenda nao. Nimechoka kutafuta njia ya kutoka. Nimeanza kutazama kilichomo humu ndani ambacho ni changu.

Mkurugenzi wa shule nilimwendea mwenyewe. Masomo ya alasiri yamebaki kwangu, siku tatu kwa wiki. Déo akiwa hapa ananipeleka na kunirudisha, anasema pikipiki imeanza kulalamika tena.

Yaya Hawa ananishauri nikungoje, nikuombe kwa upole. Nilikungoja siku nne baada ya Idi. Nilifanya mazoezi ya kuomba. Nilijisikia nikisema "nakuomba uniruhusu niishi", kwa sauti, chumbani, na sentensi hiyo sikuweza kuirudia. Najua wewe ungekubali, labda. Lakini ungekubali baada ya siku ngapi, na siku hizo ungelala wapi? Moyo wangu ulikwisha wahi kuningojesha mara moja. Sitaki kukaa nikingoja na neno lako pia.

Jumatatu nilikwenda kwa Cécilia. Nilimwambia Mama ninakokwenda na ninachokwenda kufanya. Hakunizuia, hakunibariki, alinipa mwavuli. Cécilia ameniwekea kijiti chini ya ngozi, mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Kinazuia mimba miaka mitatu. Kinaweza kutolewa kabla, siku daktari atakaposema moyo umepata nguvu na mimi nikasema ndiyo. Mkono uliuma siku moja. Ukirudi utakihisi ukinishika, ndiyo maana naandika leo, ili vidole vyako visiwe vya kwanza kukuambia.

Ukirudi utanikuta. Ukiona huwezi kukaa na mke wa namna hii, uniambie wewe mwenyewe, usimtume Déo wala Mama.

Kabla hajaanza, Cécilia alishika mkono wangu akaniuliza, "Kawaida nataka bwana aje. Bwana yako anajua?"

Nikamwambia, "Atajua Alhamisi, Déo akipita."

Leo ni Alhamisi, na Déo amekwisha washa pikipiki.

Sifa